Saa za mabasi zigawiwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Kwa muda sasa wasomaji wa safu hii wamekuwa wakijadiliana kuhusu usafiri wa umma, na hoja inayorudiwa kuliko zote ni kwamba kila mtaa upewe huduma iliyo sawa na ya mtaa mwingine. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini wanaoitoa huwa hawasemi ni kitu gani hasa kinachopaswa kuwa sawa: idadi ya mabasi, umbali wa kutembea hadi kituoni, nauli, muda wa kusubiri, au uwezekano wa mtu kufika aendako na kurudi kwake salama. Mambo haya matano hayaendi pamoja, na mara nyingi ukisawazisha moja unavuruga jingine. Ninaandika kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya kupanga ratiba za mabasi, na kwa maoni yangu nia njema imejaa tele katika mjadala huu, ila hesabu haijaonekana.

Mpangaji wa ratiba hagawi mabasi, hugawa saa za mabasi, yaani saa ambazo gari lenye dereva liko barabarani. Tuchukue njia ambayo basi hutumia dakika 60 kwenda na kurudi pale lilipoanzia. Ukiweka mabasi sita katika njia hiyo, basi litapita kila baada ya dakika 10, na abiria anayefika kituoni bila kutazama saa atasubiri kwa wastani dakika 5. Sasa tuseme yapo makazi ya mbali yasiyo na huduma kabisa, ambako mzunguko mmoja huchukua saa mbili. Ukiyaondoa mabasi mawili katika ile njia ya kwanza na kuyapeleka huko, makazi hayo yatapata basi moja kila saa, na njia ya kwanza itabaki na basi kila baada ya dakika 15. Wastani wa kusubiri umepanda kwa dakika mbili na nusu tu, jambo linaloweza kuonekana dogo, lakini mabasi manne sasa yanabeba watu waliokuwa wakibebwa na sita, na asubuhi wapo watakaobaki kituoni wakilitazama basi lililojaa likiwapita. Kama huo ni uonevu au ni haki, inategemea huko mbali wanaishi watu wangapi, ni wa umri gani, na kama wana njia nyingine yoyote ya kutoka. Hesabu yenyewe inaonyesha jambo moja tu, kwamba saa aliyopewa mmoja imetoka kwa mwingine.

Ndiyo maana wanaoifahamu kazi hii hutenganisha malengo mawili yanayovutana. Lengo moja ni kubeba watu wengi iwezekanavyo, na hilo huyaelekeza mabasi kwenye barabara chache zenye makazi yaliyosongamana, masoko na sehemu za kazi, ili yapite mara kwa mara. Lengo la pili ni kumfikia kila mtu popote alipo, na hilo huyatawanya mabasi kwenye njia nyingi ambazo kila moja hupata basi kwa nadra. Hakuna mji unaoweza kuitumia saa ileile ya basi kwa malengo yote mawili. Houston, nchini Marekani, walilikabili jambo hili bila kuzungukazunguka. Kabla ya kuchora upya mtandao wao wa mabasi, ulioanza kutumika Agosti 2015, bodi ya usafiri iliulizwa kwanza itoe mgawanyo: kiasi gani cha huduma kiende kwa lengo la kwanza na kiasi gani kwa la pili. Jibu lilikuwa takriban asilimia 80 kwa 20, wakati hapo kabla lile lengo la kwanza lilikuwa likipata zaidi kidogo ya nusu. Mtu anaweza kuupinga mgawanyo huo, na kwa kweli mimi naona 20 ni kidogo kwa mji uliotapakaa namna ile, lakini aliyetaka kuupinga alijua anapinga nini na anampinga nani. Katika miji mingi mgawanyo kama huo upo vilevile, isipokuwa hakuna aliyewahi kuutamka. Umejengeka kidogo kidogo kutokana na malalamiko ya wenye sauti kubwa, mazoea ya madereva, na njia zilizowekwa zamani kwa ajili ya kiwanda kilichokwisha kufungwa.

Naomba nilizungumzie kwa kirefu suala la wakati, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi, tena kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kazini niliagizwa kupunguza matumizi, nikaifuta safari ya mwisho ya usiku katika njia moja, kwa kuwa takwimu zilionyesha kwamba ilibeba watu wanane au tisa tu. Baada ya wiki chache idadi ya abiria wa asubuhi katika njia hiyohiyo ilianza kushuka, na sikuelewa sababu mpaka dereva mmoja aliponieleza. Wale wanane au tisa walikuwa wafanya usafi na wauguzi waliokuwa wakienda kazini kwa basi la mchana na kurudi kwa lile la usiku. Nilipowaondolea la kurudi, hawakuwa tena na sababu ya kupanda la kwenda. Wenzao wa zamu ya asubuhi, waliokuwa wakibadilishana nao zamu kila wiki, waliliacha basi pia, wakachangishana kukodi gari. Takwimu zangu zilihesabu safari mojamoja, ilhali mtu husafiri kwa siku nzima, na siku yake ikikatika mahali pamoja imekatika yote.

Ratiba nyingi duniani bado zimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja wa kufikirika, anayetoka nyumbani asubuhi kwenda ofisini katikati ya mji na kurudi jioni. Mtu huyo yupo, na mabasi yake hujaa kweli. Lakini mlinzi anayeingia zamu usiku, mpishi wa hospitali anayetakiwa jikoni kabla ya mapambazuko, muuza duka ambaye siku yake kubwa ni ile ambayo wengine wamepumzika, mwanafunzi wa masomo ya jioni na muumini anayekwenda kuabudu siku ambayo mabasi yamepunguzwa, wote hawa hawamo katika ratiba hiyo. Jamii zenye watu wengi wa aina hii huhesabiwa kuwa hazina abiria. Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji wanalijua lakini raia wa kawaida haambiwi: basi la ziada la saa za msongamano ndilo lililo ghali kupita yote, kwa sababu gari hununuliwa na dereva huajiriwa kwa ajili ya saa chache tu, kisha gari hilo hulala gereji siku nzima. Kuongeza safari saa tano asubuhi au saa nane mchana hugharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwani gari lipo na mara nyingi dereva yupo. Usiku wa manane ni habari nyingine; gereji lazima iwe na watu na sheria za mapumziko ya madereva hubana. Lakini mchana na baada ya msongamano wa jioni, nyakati zinazowafaa zaidi wazee, wagonjwa na wenye watoto, kisingizio cha gharama hakina nguvu kinayodhaniwa kuwa nayo.

Kisha kuna namna ya kusafiri yenyewe. Anayelea watoto au kumtunza mzazi mgonjwa, na katika jamii nyingi mtu huyo ni mwanamke, haendi mahali pamoja na kurudi. Humpeleka mtoto shule, akapitia zahanati, akaenda sokoni, akafika kazini kwa saa chache, akarudi kumchukua mtoto. Safari zake ni fupi fupi, zimeunganishwa, na nyingi hazielekei katikati ya mji bali huvuka kutoka mtaa hadi mtaa. Mtandao ambao njia zote hukutana kituo kikuu humlazimisha kuingia mjini ili atoke tena, na nauli inayotozwa upya kila anapopanda gari humtoza mara tano au zaidi, huku anayekwenda ofisini akitozwa mara mbili kwa siku. London walilipunguza tatizo hili la pili mwaka 2016 kwa nauli ya basi iliyomruhusu abiria kupanda basi jingine ndani ya saa moja bila kulipa tena, na tangu mwaka 2018 anaweza kubadilisha mabasi mara nyingi apendavyo ndani ya saa hiyo. Hakuna basi jipya lililonunuliwa kwa ajili hiyo. Kilichobadilika ni kanuni ya tiketi, na aliyefaidika zaidi ni yule ambaye siku yake imekatwakatwa vipande. Montreal, Kanada, nao miaka ya 1990 waliwaruhusu wanawake wanaosafiri peke yao usiku kumwomba dereva awashushe kati ya vituo viwili, karibu zaidi na waendako. Hilo pia halikuhitaji bajeti. Lilihitaji mtu aulize kwa nini abiria wa kike hupungua giza linapoingia.

Kuhusu watu wenye ulemavu, historia inaonyesha kwamba walichopata hawakukipata kwa kusubiri. Julai 1978 katika jiji la Denver, watu kumi na tisa wenye ulemavu waliyazuia mabasi njiani, wakakesha pale hadi siku ya pili, kwa sababu mabasi hayo hayakuwa na namna ya kupandisha kiti cha magurudumu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki zao ilikwenda mbali zaidi. Iliwataka wanaoendesha mabasi yanayofuata njia na ratiba iliyopangwa watoe pia usafiri wa kumfuata abiria ambaye ulemavu wake haumruhusu kutumia basi la kawaida, kwa siku na saa zilezile za njia hiyo, ndani ya umbali wa robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, kila upande wa njia, na kwa nauli isiyozidi maradufu ya ile ya kawaida. Wasomaji walitazame sharti hilo la umbali kwa makini. Haki ya abiria huyu imefungwa kwenye njia ya basi la kawaida, kwa hiyo njia ikifutwa kwa kukosa abiria, yeye hupoteza hata lile gari la kumfuata mlangoni, ingawa hakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa abiria wa njia hiyo. Kwa hiyo njia inayoonekana tupu inaweza kuwa imebeba haki za watu wasioonekana ndani ya basi. Na nisisahau kutaja kwamba basi la sakafu ya chini, au kituo chenye jukwaa lililo sawa na mlango kama vile vya Curitiba, Brazili, vilivyoanza mwaka 1991, humfaa pia mzee mwenye magoti mabovu na mama mwenye kigari cha mtoto, tena huliharakisha basi zima, kwani watu hupanda na kushuka upesi.

Mazingira nayo yana usemi wake. Medellín, Kolombia, walipotaka kuzifikia jamii zilizojenga kwenye miteremko mikali ambako basi kubwa haliwezi kupanda, walijenga vigari vya kuning'inia kwenye kebo, vikaanza kazi mwaka 2004 vikiwa vimeunganishwa na treni ya mji. Miji mingi imetamani kuiga, hata isiyo na vilima, na hapo ndipo ninapopata mashaka: kilichofaa kuigwa Medellín ni lile swali la kwanza, yaani nini kinawazuia watu hawa wasifike, na jibu la swali hilo kwenye tambarare linaweza kuwa daraja la waenda kwa miguu au taa kituoni.

Vijijini na pembezoni, ambako nyumba ziko mbalimbali, basi kubwa la ratiba hutembea likiwa tupu. Watu wengi siku hizi husema suluhisho ni gari dogo linaloitwa kwa simu. Lina nafasi yake, lakini lisichukuliwe kuwa muujiza. Helsinki, Ufini, walijaribu huduma ya namna hiyo, iliyoitwa Kutsuplus, kuanzia mwaka 2012, wakaifunga mwishoni mwa 2015, kwa kuwa ruzuku kwa kila abiria ilikuwa kubwa mno na hawakuwa na fedha za kuikuza hadi ifikie ukubwa ambao ungeishusha. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: gari linalomfuata kila mtu kwake hubeba watu wachache kwa saa, na kadiri linavyowafaa vizuri ndivyo linavyozidi kuzunguka. Ujerumani, hasa katika jimbo la Rhine Kaskazini-Westfalia, zipo jumuiya ambazo tangu katikati ya miaka ya 1980 zimekuwa zikiendesha mabasi madogo kwa madereva wa kujitolea, mamlaka ikisaidia kwa gari na bima. Mpango huo hutegemea wastaafu wenye afya na muda, na si kila jamii inao. Pengine kijiji kimoja kitafaidika zaidi kwa gari la shule lililokwisha kuwashusha wanafunzi, na kingine kwa basi linalokuja mara mbili tu kwa juma, siku za gulio na kliniki, lakini lisilokosa kamwe. Nimeona wazee wakiliamini basi la mara mbili kwa juma kuliko lile la kila siku lisilo na uhakika.

Linabaki swali la nani anaulizwa. Mikutano ya wananchi huitishwa saa za kazi, katika ofisi iliyo mjini, nao wanaohudhuria ni wale ambao tayari wana namna ya kufika. Takwimu za kadi za nauli zina upofu wa aina hiyohiyo, kwani humhesabu aliyepanda. Aliyeachwa kituoni, aliyekata tamaa akatembea, na aliyeikataa kazi kwa sababu hakuwa na usafiri hawamo. Kinachofanya kazi ni kumfuata abiria aliko: kusimama vituoni alfajiri, kuzungumza na wauguzi na walimu, kuwauliza madereva na makondakta, ambao hujua mengi kuliko ramani. Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo vya Marekani waliwapa wanafunzi simu, wakapanda matatu na kuandika kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 ambazo hapo kabla hazikuwahi kuchorwa pamoja. Nyingi kati ya njia zile hazikubuniwa na ofisi yoyote. Ziliundwa na abiria na madereva kwa miaka mingi ya kujaribu na kukosea, na mamlaka yoyote inayotaka kuwaondoa wenye magari binafsi ya abiria barabarani ili ilete mabasi yake makubwa ingefanya vyema kuzisoma kwanza njia zao kama mtu anavyosoma barua aliyoandikiwa.

Wasipoulizwa, watu wana namna yao ya kujibu. Los Angeles, mwaka 1994, abiria wa mabasi, wengi wao maskini na wasio wazungu, waliishtaki mamlaka ya usafiri iliyokuwa ikipandisha nauli na kutaka kuifuta tiketi ya mwezi huku fedha nyingi zikielekezwa kwenye reli. Makubaliano ya mwaka 1996 yaliifunga mamlaka hiyo kwa miaka kumi kupunguza msongamano ndani ya mabasi. Sisemi reli ilikuwa kosa. Ninachosema ni kwamba mgawanyo wa fedha ulikuwepo, ulikuwa na walioonewa, na ulijulikana rasmi mahakamani badala ya kujulikana kwenye bajeti.

Wapo watakaosema kwamba jawabu la yote haya ni kufuta nauli, kama Tallinn, Estonia, walivyowafutia wakazi wao mwaka 2013. Mimi silipingi, na kwa mwenye kipato kidogo ni nafuu ya kweli, lakini basi la bure lisilopita mtaani kwako halikusaidii kitu, na fedha iliyofidia nauli ni fedha ambayo ingeweza kununua saa za basi. Hilo nalo ni la kuamuliwa kwa macho mawili.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi mahususi kwa gazeti lako. Waandishi wako waziombe mamlaka za usafiri jedwali moja tu, lenye safu nne: jina la njia, idadi ya saa za mabasi inayopewa kwa juma, saa ya basi la kwanza na la mwisho, na sababu ya njia hiyo kuwapo, kama ni ya kubeba wengi au ya kuwafikia wasiofikiwa. Safu tatu za kwanza zimo tayari katika kompyuta ya kila mpangaji wa ratiba. Nilikuwa nikizitazama kila siku. Safu ya nne katika ofisi nyingi haijawahi kujazwa. Mlichapishe jedwali hilo kama litakavyoletwa, hata safu hiyo ikija ikiwa tupu, kisha mtuachie wasomaji nafasi katika ukurasa huu tuijadili njia moja baada ya nyingine.

Wako,
Mpangaji ratiba mstaafu